Waya Nilioupitisha Mlangoni kwa Mama

Msinionee huruma, nawaomba. Nikimaliza kusema, anayetaka kunitemea mate ateme, nami nitajipangusa. Nimekosa, tena kosa lenyewe halina wa kulitetea.

Miaka mingi watu waliponiuliza mama yangu alikufaje, nilijibu neno moja: vita. Wakatikisa vichwa, wakanipa pole, wengine wakaniletea chai. Uongo mtupu! Vita vilikuwepo, ndiyo, kila mtu wa Bujumbura anavijua. Lakini nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Buyenzi. Nilikuwa na mikono mizuri na hasira mbaya. Marehemu baba aliwahi kuniambia, "Wewe, ngumi yako inafika kabla ya akili yako." Nilicheka. Nilidhani ananisifu!

Mwaka ule vita vilikuwa vimetuchosha sote. Mama alishikwa na ugonjwa wa kupooza, upande wa kushoto ukafa, na ulimi ukafuata. Akawa anatoa sauti tu, hakuna neno linaloeleweka. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee, na nilipaswa kukaa naye. Nikasema nyumba yangu ni ndogo. Dada yangu mkubwa, Mama Shufaa, alifunga virago vya Mama. Alimchukua akaenda naye kwake Mutanga Nord, chini kabisa ya milima, kule ambako risasi zilikuwa zikishuka jioni kama mvua ya masika. Hapo tu ningeona haya. Sikuona.

Dada alikuwa na kazi yake nyumbani. Watu wa mtaa waliokuwa na ndugu waliokimbilia nje walikuja kwake, naye akawaandikia na kuwatumia ujumbe kwa mtandao. Shida ni kwamba laini ya simu na mashine kubwa ya kompyuta vilikuwa saluni, yaani sebuleni, mali ya shemeji, ambaye muda mwingi alikuwa Kigoma kwenye biashara. Shemeji hakutaka vitu vyake viguswe. Na Mama alilala chumba cha mwisho, nyuma kabisa, mwisho wa korido. Dada akifanya kazi saluni, Mama yuko peke yake. Akikaa na Mama, kazi imelala.

"Kaka," akaniambia, "nivutie waya toka saluni mpaka kwa Mama. Nitaweka mashine yangu ndogo pale karibu ya kitanda. Nataka niwe nafanya kazi huku namuona."

Kazi rahisi! Nilikuwa nimejifunza kuvuta kebo za mtandao katika ofisi moja mjini, na nilijiona bingwa. Nilijua vizuri kazi hiyo inavyotakiwa kufanywa. Kebo inapanda ukutani, inaingia darini, inatembea juu ya vyumba vyote, kisha inashuka pale inapotakiwa. Hakuna anayeikanyaga wala kuivuta.

Nikafungua mlango wa darini nikachungulia. Joto la mabati likanipiga usoni, na popo wakaanza kulia. Nikafunga.

Nikaipitisha chini. Ndiyo, chini! Niliitandaza pembeni mwa korido, nikaibana kwa vile vikamatio vidogo vya plastiki, na nilipofika chumbani kwa Mama nikaikatisha juu ya kizingiti, kutoka upande mmoja wa mlango mpaka wa pili, kwa sababu mashine ingekaa upande wa pili. Nikafunika kwa kipande cha mkeka.

Dada akauliza, "Hapa mlangoni mtu hatajikwaa?"

"Nani atajikwaa? Mama anatembea?" nilimjibu, nikacheka.

Mungu anisamehe kicheko kile.

Lango la dada lilikuwa na zamu, yaani mlinzi, jina lake Gaspari. Mtu mzima, mwembamba, mwenye koti refu la sufu ambalo halikutoka mwilini hata jua likiwaka. Alitoka milima ya juu ya mji, kule walikojificha waasi. Siku zile, kutoka milimani kulitosha kukufanya utazamwe kwa jicho la upande. Mimi nilimtazama hivyo tangu siku ya kwanza. Alinisalimia kwa mikono miwili, nami nilijibu kwa kidevu.

Haukupita muda dada akaniita. Mtandao umekata. Nilipofika, nikakuta kebo imechomoka kwenye vikamatio pale mlangoni kwa Mama, na nyaya za ndani zimekatika ingawa ganda la nje bado zima. Nikaunga, nikabadilisha kichwa cha kebo, nikaondoka.

Ikakatika tena. Mahali palepale! Nikarudi, nikaunga, nikatukana panya.

Ilipokatika mara nyingine, nilianza kujumlisha. Na mimi nikijumlisha, jamani, kaeni mbali. Niligundua kwamba kila kebo ilipokatika, jioni ya kuamkia siku hiyo kulikuwa na risasi Mutanga. Kila mara! Na mjini kote maneno yalikuwa ni yaleyale: waasi hawashuki hivihivi, kuna mtu wao ndani ya mtaa anayewakatia watu simu na nyaya kwanza, ili wasiite msaada. Hayo yalisemwa kwenye vijiwe vya kahawa, yakasemwa gereji, yakasemwa hata msikitini baada ya swala. Nami niliyameza mazimamazima.

Basi nikasema moyoni, nimempata. Waya unakatwa, kisha risasi zinakuja. Haikunipitia akilini hata chembe kwamba huenda ni kinyume chake. Kwamba risasi zinakuja kwanza, ndipo waya unakatika!

Siku yenyewe nilifika kabla ya adhuhuri. Dada alikuwa ametoka. Gaspari alinifungulia lango, nikapita bila kumjibu salamu. Nikapiga magoti mlangoni kwa Mama kuangalia kebo, na hapo, karibu na kikamatio kilichong'oka, nikaokota kifungo. Kifungo kikubwa cheusi, cha koti la sufu.

Damu ilinipanda kichwani. Mwanamume wa nje ndani ya chumba cha mama yangu! Sisi ni Waislamu wa mji huu tangu babu zetu, kuna mipaka ya nani anaingia kwa mama yako. Hata kama huko ndani hakufanya lolote, kule kuingia tu kulitosha kuniwasha. Mama alikuwa kitandani, akanitazama. Alipoona kifungo mkononi mwangu akaanza kutoa ile sauti yake, akainua mkono mzima. Sikusubiri.

Nilitoka na kipande cha kebo kilichobaki kazini. Nilikuwa nimekikunja mara mbili.

"We Gaspari! Njoo hapa. Hii kifungo ni ya nani?"

Akatazama koti lake. "Ni yangu, fundi. Ilianguka."

"Ilianguka wapi?"

Akageuka akatazama lango.

"Nakuuliza, ilianguka wapi? Ilianguka mu chumba ya mama yangu! Ulikuwa unatafuta nini mule?"

"Fundi, ngoja Mama Shufaa arudi. Yeye ndiye atakuambia."

"Mi nakuuliza we!"

"Mi niliahidi sitasema. Ngoja arudi, fundi. Si yuko karibu?"

Aliahidi! Mnasikia? Nilisikia neno hilo moja tu. Mtu wa milimani, amekatakata waya, ameingia usiku chumbani kwa mama yangu, na sasa ananiambia kuna ahadi. Nikampiga kebo ya uso. Ganda la plastiki lilipasua ngozi kuanzia sikioni mpaka mdomoni. Hakupiga kelele. Alijikunja tu, akaweka mikono kichwani, akasema, "Ngoja arudi, fundi," na mimi nikampiga tena. Nikampiga mgongoni, nikampiga mikononi, kwenye vidole vilivyofunika kichwa, mpaka kebo ikawa inateleza mkononi mwangu kwa damu.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, nikasikia Mama anagonga. Alikuwa na kikombe cha bati pale kitandani, cha kuitia watu. Alikigonga ukutani kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Koo lake lilikuwa linatoa sauti ya mtu anayezama. Mnajua nilifanya nini? Nilipaza sauti: "Tulia, Mama! Nimemshika!" Nilidhani ananishangilia! Wallahi, nilidhani ananiambia mpige.

Nikampiga kwa nguvu zaidi.

Vijana wa ulinzi wa mtaa walisikia, wakaja mbio, mmoja ana nondo, wengine fimbo na mawe. "Kuna nini, mzee?" Hapo bado ningeweza kusema ni ugomvi wetu, mwacheni. Ulimi hauna mfupa. Nilisema:

"Huyu ndiye anafungulia assaillants! Anakata waya, anawaitia!"

Assaillants, ndivyo tulivyowaita waasi siku zile. Lilikuwa neno la kuua. Nililijua, na nililitamka.

Sitaki kuwaficha yaliyofuata. Walimwangusha. Yule wa nondo alimpiga goti la kulia, na nikasikia mlio, mlio mkavu wa kuni. Mwingine alimrushia jiwe kifuani kwa mikono miwili. Gaspari alianza kulia sasa, kwa Kirundi, akimwita mama yake, na katikati ya kilio akaniangalia mimi, mimi hasa, akasema, "Fundi, waambie." Niwaambie nini? Nilikuwa nimesimama nahema, mkono unaniwasha. Nilimpiga teke la mbavu. Hilo ndilo nililomjibu.

Wanajeshi wa kituo cha karibu ndio waliomwokoa, kama huo ni wokovu. Walimtupa nyuma ya gari lao, mguu ukining'inia vibaya, wakaondoka naye. Vijana wakanipa mkono. "Bravo, mzee."

Nikanawa mikono bombani. Nikarudi ndani kumalizia kazi. Ndiyo, kumalizia kazi! Nilitaka dada akirudi akute mambo yamenyooka. Niliunga kebo, na ili adui yeyote asiing'oe tena, nikaacha vile vikamatio vya plastiki, nikachukua misumari ya zege, ile mifupi minene, pamoja na vibati vya kuibania. Nikaipigilia kebo kizingitini, kutoka upande hadi upande. Hata fahali asingeweza kuing'oa. Mama alinitazama nikipiga nyundo. Hakugonga kikombe tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni, nami nikayafuta kwa kanga yake nikamwambia imekwisha, Mama, hatarudi tena.

Dada alirudi na kapu lake la ndagala, wale dagaa wa ziwani. Aliona damu langoni.

"Gaspari yuko wapi?"

Nikamweleza kwa majivuno, na kifungo nikamwonyesha. Kapu likamtoka mkononi. Alinipiga kofi, dada yangu ambaye hajawahi kunigusa tangu utotoni, kisha akanipiga la pili.

"We mujinga! Risasi zikianza, nani anamutoa Mama mule? Mi naweza? Mama ni mtu wa mwili! Ni Gaspari! Mi namufungulia mulango ya jikoni, anatambaa mpaka kwa Mama, anamushusha na blanketi, anamuvuta mpaka mu korido, risasi zikipita juu ya kichwa yake! Kila mara!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie? We? Si ungesema mwanaume anamushika mama yetu? Si ungekuja hapa kufanya fujo? Mi ndiye nilimuapisha asiseme!"

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye sakafu. Blanketi. Mama juu ya blanketi, akiburutwa gizani juu ya kizingiti changu, juu ya waya wangu wa uvivu. Blanketi linanasa kwenye waya, waya unachomoka, Mama anapita. Ndiyo maana ulikuwa ukikatika. Ulikuwa ukikatika ili mama yangu apite! Na kile kifungo kiling'oka koti likiburuta chini, kifua cha mtu yule kikiwa kimelala sakafuni.

Dada akanituma kwa wanajeshi. Nilikwenda mbio, wakaningojesha mchana kutwa, nikasema nimekosea, yule mtu ni mwema. Askari mmoja aliniangalia tu. "Asubuhi alikuwa muasi, sasa ni mwema?" Akanielekezea bunduki, nikarudi.

Nilirudi jua linazama. Adhana ya magharibi ilikuwa inasikika kwa mbali upande wa chini ya mji. Dada alikuwa ametandika godoro korido. Na kabla sijavua viatu, waasi wakaanza.

Ilikuwa karibu kuliko siku zote. Risasi zilitoka mlimani, upande wa nyuma, upande wa dirisha la Mama. Umeme ukazimika. Tulitambaa, dada mbele, mimi nyuma. Vioo vilikuwa vinaanguka ndani. Tukamshusha Mama kitandani na blanketi lake. Nikashika pembe za kichwani nikaanza kuvuta kinyumenyume, dada anasukuma miguuni.

Tukafika mlangoni. Blanketi likagoma.

Nikavuta. Likagoma. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikasikia uzi unachanika kidogo na kusimama. Nikapapasa gizani. Vidole vyangu vikakuta kebo, imekaza kama chuma, na misumari yangu niliyoisahau, mmoja baada ya mwingine, imesimama imara. Kazi safi ya fundi! Blanketi lilikuwa limenasa kwenye kibati.

"Vuta!" dada analia. "Vuta, kaka!"

Ningemkumbatia Mama nikamwinua. Ningelala juu yake. Mtu wa nje alihatarisha roho yake kwa mama asiye wake. Lakini risasi zikaingia dirishani zikachimba ukuta juu ya kichwa changu, na mimi, mwenye hasira, mwenye ngumi, niliachia. Mnasikia? Niliachia blanketi nikajirusha korido, nikalaza uso chini na kuziba masikio.

Waliponyamaza, dada alikuwa bado kule, amelala miguuni kwa Mama. Yeye hakuguswa. Mama alikuwa kizingitini, nusu korido, nusu chumbani. Risasi ilikuwa imempata shingoni. Sakafu yote ilikuwa imelowa, na mkeka, na waya. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukingo wa blanketi, kama aliyekuwa akijaribu kunisaidia kuvuta.

Tulimzika kesho yake. Dada hakunipa lawama mbele ya watu. Hakunipa chochote tena, kusema kweli. Tunasalimiana misibani na kwenye Idi, basi. Mke wangu aliambiwa ni vita, watoto wangu pia. Nyumba ile shemeji aliiuza. Sijui kama mwenye nyumba mpya aling'oa misumari.

Nanyi mnauliza, Gaspari je? Hakufa. Walimwachia baadaye, bila mguu wa maana. Nilimkuta mjini vita vikiwa vinapoa, ameketi kando ya barabara karibu na soko, anashona viatu. Alama ya kebo ilikuwa usoni, kutoka sikio mpaka mdomo. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Akaniona kwanza.

"Fundi!" Akanipa mikono yote miwili, kama zamani.

Nilipiga magoti pale vumbini, watu wakitazama. Nikamwambia nisamehe. Akanishika bega akasema hayo ni ya vita, inuka. Kisha akauliza swali lililonikata maini.

"Na mukecuru? Yuko salama?"

Mukecuru, bibi kizee. Hivyo ndivyo alivyomwita Mama.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Yuko. Niko naye kwangu Buyenzi."

"Ah, vizuri! Kule risasi hazifiki sana. Na zikifika, nani anamuvuta?"

"Mi."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Halafu akaniinamia, fundi kwa fundi, akanifundisha kazi. "Ukimuvuta, mushike mabega, usimushike mukono ya kushoto. Ile inamuuma. Yeye hawezi kusema, lakini inamuuma."

Nilikimbia. Sikuweza kusimama pale hata kidogo. Na hadi leo, nikipita njia ile, ananipungia mkono na kupaza sauti nimsalimie mukecuru. Miaka yote hii! Hata hajiulizi angekuwa na umri gani sasa. Nami najibu nitamsalimia.

Basi nyinyi mnaonisikia, shikeni hili. Fundi mwenzangu, waya pitisha juu, hata kukiwa na popo, hata kukiwa na moto. Na wewe mwenye hasira kama zangu, mtu akikuambia ngoja, ngoja. Usimwite mtu kwa jina linaloua, maana likishatoka mdomoni huna tena njia ya kulirudisha. Aliyekuwa chini ya kebo yangu hakuniomba nimhurumie wala nimwamini. Aliniomba ningoje tu, dada arudi.

Na dada hakuwa mbali. Alikuwa amekwenda kununua ndagala.